Majina ya mahali katika Kiyunani cha Biblia: sarufi kwanza, maana baadaye

Fungua Mathayo 16:13 katika Biblia ya Muungano, ile ya 1952. Utakuta Yesu ameenda pande za Kaisaria-Filipi. Kisha fungua Matendo 16:12, ambapo Paulo na wenzake wanafika Filipi. Msomaji wa Kiswahili ana haki kabisa ya kudhani kwamba Filipi ni ile ile. Nimekutana na wanafunzi wa Biblia wenye bidii waliodhani hivyo kwa miaka mingi.

Kiyunani hakimwachi mtu apotee hapo. Mathayo ameandika Καισαρείας τῆς Φιλίππου (Kaisareias tēs Philippou). Neno Philippou liko katika umoja na linaonyesha milki: Kaisaria ya Filipo, yaani ya mtawala Filipo mwana wa Herode, aliyeujenga upya mji huo chini ya Mlima Hermoni. Liliongezwa jina lake ili mji usichanganywe na Kaisaria ya pwani, iliyojengwa na baba yake. Luka naye, katika Matendo, ameandika Φιλίππους (Philippous), ambalo ni wingi: mji wa Makedonia uliopewa jina la mfalme Filipo wa Pili, baba yake Aleksanda Mkuu, mwaka 356 KK. Hao ni Filipo wawili walioachana karne tatu na zaidi, na miji yao imetenganishwa na bahari. Tofauti yote imebebwa na herufi chache za mwisho wa neno.

Kwa hiyo mwongozo huu una agizo moja ambalo sitaliacha hadi mwisho: jina la mahali lisome kwanza kama neno lenye kazi katika sentensi, ndipo uulize lina maana gani. Wengi huanza na maana kwa sababu maana inanoga mimbarani. Lakini maana iliyotangulia sarufi mara nyingi huwa ya msomaji, si ya mwandishi.

Vitu vya kuwa navyo

Ujue alfabeti ya Kiyunani, hata kama unasoma polepole. Uwe na Agano Jipya la Kiyunani; toleo la SBLGNT linapatikana bure kwenye intaneti tangu 2010. Uwe na Biblia ya Kiswahili pembeni, na daftari.

Ujue pia kwamba jina la Kiyunani hubadilisha mwisho wake kulingana na kazi yake. Nitayaita maumbo hayo kwa majina manne: umbo la kiima (mtenda), umbo la milki (-a wa, ya, la), umbo la kupokea (anayepewa, na pia mahali kitu kilipo), na umbo la yambwa (mtendwa, na pia mahali mtu anakoelekea). Sisi husema "natoka Yeriko", "niko Yeriko", "naenda Yeriko", na Yeriko haligeuki. Kitenzi ndicho kinachofanya kazi yote. Hata kiambishi -ni cha "nyumbani" hutumika kwa hali zote tatu. Myunani alizitenganisha: ἀπό (apo, kutoka) na ἐκ (ek, kutoka ndani) huita umbo la milki, ἐν (en, katika) huita umbo la kupokea, na εἰς (eis, kwenda) huita umbo la yambwa. Vihusishi hivi vinne vikikukaa kichwani, sehemu kubwa ya safari za Yesu na Paulo utazifuata bila kamusi.

Hatua ya kwanza: jina limevaa mwisho wa Kiyunani au halikuvaa?

Soma Marko 10:46. Wanafika εἰς Ἰεριχώ (eis Ierichō), na katika mstari huo huo Yesu anatoka ἀπὸ Ἰεριχώ (apo Ierichō). Vihusishi viwili vinavyodai maumbo mawili tofauti, lakini jina halikutikisika. Hili ni jina lisilobadilika: limechukuliwa kutoka Kiebrania likaachwa kama lilivyo.

Ipo njia ya haraka ya kuyatambua mengi ya aina hii. Majina ya Kiyunani chenyewe huishia kwa irabu, au kwa ν, ρ, ς, na wakati mwingine ξ au ψ. Ukiona jina linaishia kwa μ, τ au θ, ujue ni mgeni na halibadiliki: Βηθλέεμ (Bethlehemu), Ναζαρέτ (Nazareti), Καφαρναούμ (Kapernaumu), Σιλωάμ (Siloamu), Ἰερουσαλήμ. Kanuni hii haiyakamati yote. Yeriko linaishia kwa irabu na bado ni gumu kama jiwe, na Γεθσημανί (Gethsemane) vilevile. Hayo utayazoea kwa kuyaona.

Kuna jozi moja ninayoipenda hapa: Sidoni na Sayuni. Kwa Kiyunani ni Σιδών na Σιών, yote mawili yakiishia kwa ων. Marko 7:31 inasema Yesu alipita διὰ Σιδῶνος (dia Sidōnos), na jina limebadilika sawasawa kama neno lolote la Kiyunani. Warumi 11:26 inasema ἐκ Σιών (ek Siōn), na jina limebaki palepale ingawa kihusishi kinadai umbo la milki. Sababu iko katika historia. Sidoni ulikuwa mji wa bandari na biashara, na Wayunani walilitamka jina lake tangu enzi za Homero. Sayuni walilijua kwa njia ya Maandiko. Jina lililopita sokoni likavikwa nguo za wenyeji. Lililopita katika Maandiko likabaki na nguo zake. Ukilishika jambo hili, utaanza kukisia vizuri hata majina usiyoyajua.

Hatua ya pili: litie jina katika kundi lake

Usikariri majedwali kwanza. Chukua Ufunuo 1:11, mstari wenye miji saba, kisha uisome miji hiyo hiyo katika sura ya 2 na ya 3. Katika 1:11 Yohana anaambiwa apeleke kitabu kwenye miji hiyo, kwa hiyo kila jina limetanguliwa na εἰς na liko katika umbo la yambwa. Katika sura mbili zinazofuata, kila kanisa liko ἐν mji wake, kwa hiyo jina liko katika umbo la kupokea. Yaandike sambamba:

Ἔφεσον → ἐν Ἐφέσῳ (Efeso)
Σμύρναν → ἐν Σμύρνῃ (Smirna)
Πέργαμον → ἐν Περγάμῳ (Pergamo)
Θυάτειρα → ἐν Θυατείροις (Thiatira)
Σάρδεις → ἐν Σάρδεσιν (Sardi)
Φιλαδέλφειαν → ἐν Φιλαδελφείᾳ (Filadelfia)
Λαοδίκειαν → ἐν Λαοδικείᾳ (Laodikia)

Hapo umepata karibu sarufi nzima ya majina ya miji katika mistari minane. Smirna, Filadelfia na Laodikia ni za kundi la kwanza, la majina ya kike yenye -α au -η. Efeso na Pergamo ni za kundi la pili, la -ος au -ον. Sardi ni ya kundi la tatu, na ni wingi. Thiatira nayo ni wingi, tena wa jinsia isiyo ya kike wala ya kiume.

Wingi huu huwashangaza wanafunzi. Mji mmoja unakuwaje wingi? Wayunani walikuwa na miji mingi ya namna hiyo: Ἀθῆναι (Athene), Κολοσσαί (Kolosai), Φίλιπποι (Filipi). Ni wingi wa umbo tu. Usitafute Athene ya pili, wala usitafsiri "miji ya Kolosai". Kiswahili nacho kina majina yenye umbo la wingi na maana ya kitu kimoja: tunasema "maji haya" bila kuulizana ni maji mangapi.

Kundi la tatu lina majina mengine utakayokutana nayo mara kwa mara: Τιβεριάς, Τιβεριάδος (Tiberia, katika Yohana 6:1), Ἑλλάς, Ἑλλάδος (Uyunani, Matendo 20:2), Σαλαμίς, ἐν Σαλαμῖνι (Salami, Matendo 13:5). Na majina yaliyoundwa kwa πόλις (polis, mji) hufuata πόλις yenyewe: ἐν τῇ Δεκαπόλει (Dekapoli, Marko 5:20). Matendo 16:11 ina kitu kizuri zaidi, εἰς Νέαν Πόλιν, Neapoli: sehemu zote mbili za jina zimebadilika, "Mji" na "Mpya", kana kwamba Luka bado anasikia maneno mawili ndani ya jina moja.

Hatua ya tatu: tafuta jinsia, na neno lililofichika nyuma yake

Mwanafunzi aliyejifunza kwamba -ος ni ya kiume hukwama Matendo 9:3. Sauli anakaribia τῇ Δαμασκῷ (tē Damaskō). Mwisho wa jina unafanana na wa kiume, lakini kibainishi τῇ (neno dogo linalotangulia jina, kama "the" ya Kiingereza) ni cha kike. Hakuna kosa. Majina mengi ya miji na visiwa yenye -ος ni ya kike: Δαμασκός, Ἔφεσος, Κόρινθος, Τύρος, Κύπρος, Πάτμος. Nyuma ya mji kuna neno πόλις, ambalo ni la kike. Nyuma ya kisiwa kuna νῆσος, ambalo pia ni la kike. Kanuni ya kazi ni hii: kibainishi na kivumishi vikigombana na mwisho wa jina, viamini kibainishi na kivumishi.

Sisi tunalijua jambo hili kutoka nyumbani. Jina la mji halina ngeli iliyoandikwa usoni. Upatanisho ndio unaotufichulia mzungumzaji anawaza nini. "Mombasa yote" na "Mombasa kote" si kitu kimoja, na hakuna anayetufundisha tofauti hiyo. Mathayo 4:24 katika Biblia ya Muungano ina "Shamu yote", na Kiyunani chake ni ὅλην τὴν Συρίαν, kivumishi cha kike pamoja na jina la kike.

Sasa linganisha na Mathayo 2:3. Herode alifadhaika, na πᾶσα Ἱεροσόλυμα (pasa Hierosolyma) pamoja naye. Jina Ἱεροσόλυμα kwa kawaida ni wingi usio wa kike wala wa kiume. Lakini πᾶσα, "yote", ni kivumishi cha kike, tena cha umoja. Mathayo ameyafanya maelfu ya watu wa mji kuwa kitu kimoja kinachotetemeka. Tafsiri isiyo na neno "yote" hapo inapoteza uzito wa mstari.

Kuna pia miji isiyotulia. Katika Matendo 14:6 Paulo na Barnaba wanakimbilia Λύστραν (Listra), umoja wa kike. Mistari miwili baadaye, 14:8, wako ἐν Λύστροις, wingi. Lida nayo: 9:38 ina Λύδδας, milki ya kike ya umoja, na 9:32 ina Λύδδα, umbo ambalo wanasarufi hulisoma kama wingi. Usihangaike kutafuta siri. Majina ya sehemu za ndani yalitamkwa kwa njia zaidi ya moja, na Luka ameandika yote mawili.

Hatua ya nne: kibainishi kipo au hakipo?

Marko 1:9 inatosha kufundisha jambo lote: Yesu alikuja ἀπὸ Ναζαρὲτ τῆς Γαλιλαίας, "kutoka Nazareti ya Galilaya". Nazareti halina kibainishi, Galilaya linacho. Huo ndio mwelekeo wa kawaida: mji baada ya kihusishi hukosa kibainishi, nchi au jimbo hukipata. Sababu ni kwamba majina mengi ya nchi yenye -ια au -αια yalianza kama vivumishi. Yohana 3:22 bado ina neno zima, εἰς τὴν Ἰουδαίαν γῆν, "nchi ya Kiyahudi", na Marko 1:5 ina ἡ Ἰουδαία χώρα. Kwingineko neno "nchi" limeanguka, kibainishi kikabaki kama alama ya mahali lilipokuwa. Misri, ambalo halikuanza kama kivumishi, mara nyingi hutembea peke yake: φεῦγε εἰς Αἴγυπτον, "ukimbilie Misri" (Mathayo 2:13).

Vipi basi mji unapopata kibainishi? Mara nyingi kinafanya kazi ya neno letu "ule" au "huko": mji uliokwisha kutajwa. Matendo 17:15 inampeleka Paulo ἕως Ἀθηνῶν, "mpaka Athene", bila kibainishi. Mstari unaofuata anawangojea ἐν ταῖς Ἀθήναις, huko Athene tulikokutaja. Matendo 20:15 inamfikisha εἰς Μίλητον; 20:17 inaendelea ἀπὸ δὲ τῆς Μιλήτου. Ni kama msimuliaji mzuri wa hadithi anavyotaja kijiji mara ya kwanza kwa jina, kisha akasema "pale kijijini". Huu ni mwelekeo, si sheria, na miswada ya kale yenyewe hutofautiana kwenye vibainishi, kwa hiyo usijenge fundisho juu ya τῇ moja.

Kwa majina yasiyobadilika, kibainishi kina kazi nyingine kubwa: ndicho kinachovaa umbo kwa niaba ya jina. Σιλωάμ halisemi lolote lenyewe. Lakini birika katika Yohana 9:7 ni τοῦ Σιλωάμ, milki. Mnara katika Luka 13:4 ulikuwa ἐν τῷ Σιλωάμ, mahali.

Hatua ya tano: mtu wa mahali si mahali

Kiswahili hufanya kazi hii mwanzoni mwa neno: Mkorintho, Wakorintho, Uyahudi, Myahudi. Kiyunani huifanya mwishoni, na kina viishio kadhaa. -ιος: Κορίνθιος, Ἐφέσιος. -αῖος: Ἀθηναῖος, Γαλιλαῖος, Ῥωμαῖος. -ηνός: Δαμασκηνός, Ναζαρηνός. -ίτης: Ἱεροσολυμίτης, mtu wa Yerusalemu, katika Marko 1:5. -εύς: Ἀλεξανδρεύς, jinsi Apolo anavyotambulishwa katika Matendo 18:24, na Ταρσεύς, neno ambalo Paulo anajitaja nalo mbele ya jemadari katika Matendo 21:39.

Kiishio hakichaguliwi ovyo, lakini pia hakitabiriki kikamilifu. Kijifunze pamoja na jina. Kuwa mwangalifu kidogo na Lidia wa Matendo 16:14: huyo ni mwanamke anayeitwa Λυδία, na jina lake ni lile lile la nchi ya Lidia ambamo mji wake, Thiatira, ulikuwa.

Yerusalemu, jina lenye maumbo mawili

Mji huu unastahili nafasi yake. Agano Jipya lina Ἰερουσαλήμ, lisilobadilika, karibu na Kiebrania. Na Ἱεροσόλυμα, lililovikwa mwisho wa Kiyunani na linalosikika kama lina ἱερός, "takatifu", ndani yake. Biblia zetu zimeandika Yerusalemu kwa yote mawili, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hawezi kuona tofauti mpaka afungue Kiyunani.

Marko na Yohana hutumia Ἱεροσόλυμα peke yake. Mathayo vilevile, isipokuwa mahali pamoja, 23:37, Yesu anapoulilia mji: Ἰερουσαλὴμ Ἰερουσαλήμ. Ufunuo na Waebrania wana Ἰερουσαλήμ tu. Luka hutumia yote mawili, na ndani ya mistari michache: Matendo 1:4 ina Ἱεροσολύμων, 1:8 ina Ἰερουσαλήμ.

Wapo wanaofundisha kwamba umbo la Kiebrania ni mji wa kiroho na umbo la Kiyunani ni mji wa ramani. Wagalatia inaonekana kuwaunga mkono: safari za Paulo katika 1:17 na 2:1 zina Ἱεροσόλυμα, na Yerusalemu wa juu katika 4:26 ni Ἰερουσαλήμ. Lakini katika Warumi 15:25 Paulo anasafiri kupeleka mchango, fedha za kushikika kwa ajili ya maskini, na anasema anakwenda εἰς Ἰερουσαλήμ. Hapo kanuni inavunjika. Ninachokubali ni kidogo zaidi: umbo la Kiebrania lina sauti ya manabii, na mwandishi aliye na masikio anaweza kuitumia sauti hiyo. Mathayo 23:37 ni mfano ulio wazi. Kwingineko kote, pima mwandishi mmoja mmoja.

Hatua ya sita: sasa uliza maana

Anza na maana alizozitoa mwandishi mwenyewe. Zina vitambulisho: ὅ ἐστιν μεθερμηνευόμενον, "ambayo ikitafsiriwa ni" (Golgotha, Marko 15:22), ὃ ἑρμηνεύεται, "maana yake" (Siloamu, Yohana 9:7, "Aliyetumwa"), τοῦτ᾽ ἔστιν, "yaani" (Akeldama, Matendo 1:19, "konde la damu"). Waebrania 7:2 inajenga hoja nzima juu ya Salemu: mfalme wa Salemu, maana yake mfalme wa amani. Katika sehemu hizi maana ya jina ni sehemu ya ujumbe. Hubiri kwa ujasiri. Na kumbuka kuvitenga vitambulisho hivi na λεγόμενος na καλούμενος, "iitwayo", ambazo hutoa jina bila kutafsiri. Yohana 19:13 inasema mahali paliitwa Λιθόστρωτον, Sakafu ya mawe, na kwa Kiebrania Γαββαθα. Hayo ni majina mawili ya mahali pamoja. Yohana hakusema moja ni tafsiri ya lingine.

Pili, tazama Agano la Kale la Kiyunani, lile la Sabini. Watafsiri wake mara nyingine waliandika sauti ya jina, mara nyingine maana yake. Babeli katika Mwanzo 11:9 imekuwa Σύγχυσις, "Mchafuko", kwa sababu bila tafsiri hiyo hadithi isingeeleweka. Lakini mlango mmoja nyuma, 10:10, ni Βαβυλών. Betheli katika Mwanzo 28:19 ni Οἶκος θεοῦ, "Nyumba ya Mungu", huku 12:8 ikiwa na Βαιθήλ. Na katika 28:19 hiyo hiyo limetokea jina Οὐλαμλούς. Mji huo haukuwahi kuwepo. Kiebrania kinasema "ulam Luz", ambapo ulam ni neno la kuunganisha, "lakini", na Luzu ndiyo jina. Mtafsiri aliyameza yote mawili kwa pamoja. Nikiona hivyo najifunza kuwa mpole kwa watafsiri wote.

Tatu ndipo kamusi ya Kiebrania. Bethlehemu ni "nyumba ya mkate", Kapernaumu ni "kijiji cha Nahumu", Bethfage ni "nyumba ya tini changa", Gethsemane ni "shinikizo la mafuta". Maana hizi ni za kweli, ila mwandishi wa Injili hakuzitumia. Mahubiri mengi ya Krismasi huunganisha "nyumba ya mkate" na "mimi ndimi mkate wa uzima". Wazo ni zuri. Lakini maneno ya mkate wa uzima yako Yohana 6, na Yohana anaitaja Bethlehemu mara moja tu, 7:42, bila neno lolote kuhusu mkate. Liseme wazo hilo kama tafakari yako. Usiseme "Yohana anatuonyesha".

Hatari kubwa zaidi iko kwenye majina ya Kiyunani yanayoeleweka upesi. Filadelfia inatafsirika "upendano wa ndugu", na kanisa lililosifiwa katika Ufunuo 3 linaonekana kustahili jina. Lakini mji uliitwa kwa ajili ya mfalme Attalo wa Pili wa Pergamo, aliyepewa sifa ya Filadelfo kwa upendo wake kwa kaka yake. Laodikia ni jina la Laodike, mke wa mfalme Antioko wa Pili. Thesalonike ni jina la dada wa Aleksanda kwa baba. Uliza kwanza ni nani aliyeupa mji jina, na lini.

Msomaji wa Kiswahili ana faida moja ya pekee hapa. Kiyunani hakikuwa na sauti za "sh" na "ts", hivyo Shiloa ikawa Siloamu. Misri kwa Kiyunani ni Αἴγυπτος, haifanani kabisa na Mitsrayim ya Kiebrania, ila Misri yetu, iliyotufikia kwa Kiarabu, inafanana. Na jina Γάζα linaanza na γ ilhali Kiebrania kinalisoma Azza, kwa sababu sauti ya mwanzo ilikuwa kama "gh" yetu ya ghala. Kiarabu bado kinasema Ghazza, na masikio yetu tayari yanaijua.

Zoezi la mwisho: Matendo 8:26

Malaika anamwambia Filipo (mhubiri wa Injili, si yeyote kati ya wale wawili wa mwanzo) aende ἐπὶ τὴν ὁδὸν τὴν καταβαίνουσαν ἀπὸ Ἰερουσαλὴμ εἰς Γάζαν· αὕτη ἐστὶν ἔρημος.

Pita hatua zote. Ἰερουσαλήμ limeishia kwa μ, halibadiliki, na ἀπό inatosha kutuambia ni kutoka. Γάζαν limebadilika, kundi la kwanza, la kike, umbo la yambwa baada ya εἰς. Hakuna jina lenye kibainishi, kama kawaida ya miji baada ya kihusishi. Kitenzi ni καταβαίνω, "kushuka": Yerusalemu uko milimani, karibu mita 750 juu ya bahari, na Gaza iko pwani, kwa hiyo njia inateremka kweli.

Inabaki αὕτη, "hii", ya kike na ya umoja, inayosemwa kuwa ἔρημος, "jangwa" au "ukiwa". Inaelekeza wapi? Γάζα ni la kike. Lakini ὁδός, njia, nalo ni la kike, ingawa lina -ος, kama Dameski. Sarufi inaruhusu yote mawili: mji uliokuwa ukiwa, kwa maana Gaza ya kale iliharibiwa na Aleksanda Janeo, mfalme wa Wayahudi, mwanzoni mwa karne ya 1 KK, au njia inayopita nyikani. Mimi naegemea njia, kwa sababu Filipo anatumwa njiani, si mjini, na katika mstari wa 36 yeye na yule towashi wa Kushi wako bado κατὰ τὴν ὁδόν, "njiani", wanapoona maji. Biblia ya Muungano imeandika "nayo ni jangwa", na "nayo" inapatana na njia sawasawa na inavyopatana na Gaza. Mtafsiri ameuacha mlango wazi pale pale Luka alipouacha.